Walibadili Silaha, Hawakubadili Upande

Usiku wa Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025, maseneta wanane wa kambi ya Democratic walipiga kura pamoja na Warepublikani katika Seneti ya Marekani ili kufungua serikali iliyokuwa imefungwa kwa siku 40. Matokeo yalikuwa 60 kwa 40, na 60 ndiyo idadi iliyohitajika. Angepungua mmoja, milango ingebaki imefungwa. Hakujapambazuka, hukumu ilikuwa imeshatoka: wameuza vita. Wanaharakati wa chama chao, magavana wanaoutazama urais kwa mbali, wabunge na wachambuzi waliokuwa wakibishana juu ya kila jambo jingine walikubaliana juu ya hilo. Hata Stefany Shaheen, aliyekuwa akiwania kiti cha Baraza la Wawakilishi huko New Hampshire, alijitenga hadharani na uamuzi wa mama yake, Seneta Jeanne Shaheen, aliyekuwa mmoja wa wanane hao. Kwa lugha yetu, walihukumiwa kwa methali moja tu: kikulacho ki nguoni mwako. Ninaibisha hukumu hiyo. Sibishi kwamba mapatano yao yalikuwa na upungufu, maana yalikuwa nao mwingi. Ninabisha kwamba kilichofanyika usiku ule kinastahili kuitwa usaliti.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu zake za kuikubali hukumu hiyo upesi. Tanzania, kuanzia mwaka 2017, ilishuhudia wabunge na madiwani wa upinzani wakijiuzulu mmoja baada ya mwingine na kuhamia CCM kwa maelezo kwamba wanaunga mkono juhudi za Rais, hadi maneno hayo yakageuka kejeli ya mtaani. Kenya nayo imewazoea wanasiasa wanaolala upinzani na kuamkia serikalini. Sikio lililolelewa katika habari hizo likisikia kwamba mbunge amepiga kura na upande wa pili, huuliza swali moja: kapewa nini? Lakini hapo tunachanganya mambo mawili. Anayehama hubadili chama, na mara nyingi hupewa kiti au cheo kwa kuhama kwake. Anayevunja mstari hubaki ndani ya chama, huzomewa na wenzake, na kesho yake huketi nao meza moja. Wala tusijidanganye kwamba utii hauna bei. Tarehe 25 Juni 2024 wabunge 195 wa Kenya waliupitisha Muswada wa Fedha huku waandamanaji wakiwa mlangoni. Siku iliyofuata Rais William Ruto mwenyewe akatangaza kwamba hatausaini. Waliofuata mstari siku ile walijikuta wamesimama juu ya mstari uliokwisha kufutwa na aliyeuchora.

Ili kuwapima wanane hao kwa haki, lazima kwanza tuitazame silaha waliyoiweka chini. Kufungwa kwa serikali hakumo katika Katiba ya Marekani. Katiba inasema tu kwamba fedha haitoki hazina ila kwa sheria iliyopitishwa, na sheria ya mwaka 1884 ikawakataza maofisa kutumia kile ambacho Bunge halijawaidhinishia. Kwa karibu karne nzima baada ya hapo, bajeti ilipochelewa, ofisi zilibana matumizi na kuendelea na kazi, zikiamini kwamba wakubwa watamaliza ubishi wao. Mwaka 1980 ndipo Mwanasheria Mkuu Benjamin Civiletti alipotoa maoni kwamba idara isiyoidhinishiwa fedha haina budi kusimamisha shughuli zake, isipokuwa zile za kulinda uhai na mali. Maoni yale yalilenga kuwatia wabunge adabu. Yakaishia kuwapa rungu. Silaha hii, kwa hiyo, ina umri mdogo kuliko maseneta wengi walioishika mwaka 2025. Anayeizungumzia kana kwamba ni nguzo ya demokrasia, ambayo kuiacha ni kuitupa nchi, anaipa heshima ya mzee wakati ni mtoto wa juzi.

Tena ni silaha ya ajabu, kwa sababu haimpigi adui. Tumezoea kusema kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, tukimaanisha kwamba mnyonge huumia kwa bahati mbaya, ugomvi si wake. Katika kufunga serikali, nyasi hazikanyagwi kwa bahati mbaya. Zinakanyagwa makusudi, ili fahali mmojawapo azionee huruma kabla ya mwenzake. Wafanyakazi wa serikali kuu takriban milioni 1.4 walikosa mishahara, karibu nusu yao wakiwa nyumbani kwa lazima na waliosalia wakifanya kazi bila malipo. Waongozaji wa ndege walikuwa miongoni mwa hao wa pili, na kufikia tarehe 7 Novemba serikali ilianza kupunguza safari katika viwanja 40 vikubwa kwa sababu walio kazini hawakutosha. Msaada wa chakula wa SNAP, unaotegemewa na watu wapatao milioni 42, yaani Mmarekani mmoja katika kila wanane, ulikatika tarehe 1 Novemba. Kesi zikapanda hadi Mahakama ya Juu, na wakati mawakili wakibishana, kuna majimbo ambamo familia zilipata posho yote, mengine sehemu, mengine hakuna. Wabunge wenyewe, walioamua haya yote, mishahara yao inalindwa na Katiba. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na hapa mwenye shibe ndiye aliyekuwa akihesabu ni siku ngapi zaidi mwenye njaa anaweza kuvumilia.

Mtu anaweza kujibu kwamba vita vyote huumiza, na maumivu huhalalishwa na ushindi. Basi tuutafute huo ushindi. Mwaka 1995 Newt Gingrich na Warepublikani wake waliifunga serikali mara mbili, ya pili kwa siku 21, ili kumlazimisha Bill Clinton akubali bajeti yao. Aliyekata kamba alikuwa Bob Dole, kiongozi wa Warepublikani hao hao katika Seneti, aliyeachana na mkakati wa wenzake mwanzoni mwa Januari 1996. Mwaka 2013 serikali ilifungwa siku 16 ili kuiua sheria ya bima ya afya ya Barack Obama. Ilifunguliwa pale Warepublikani 87 wa Baraza la Wawakilishi walipopiga kura pamoja na Wademokrati wote, na sheria ile ikabaki hai. Kuanzia Desemba 2018 Donald Trump aliruhusu siku 35 zipite akidai dola bilioni 5.7 za ukuta wa mpakani. Tarehe 24 Januari 2019 maseneta sita wa chama chake waliunga mkono muswada wa upinzani. Kesho yake akakubali kufungua bila ukuta, na mwezi uliofuata Bunge likampa bilioni 1.375 tu. Mikasa mitatu, somo moja: anayefunga ili apate sera hapati sera, na mlango hufunguliwa na wale wa upande wake waliochoka kushikilia kitasa. Upande uleule unaowalaani wanane leo uliwapokea Dole, wale 87 na wale sita kama watu waliorudiwa na akili. Kama kuvunja mstari ni ujasiri kwa mwenzako na usaliti kwako, basi hatuzungumzii maadili tena, tunazungumzia ushabiki wa timu.

Hoja nzito zaidi ya wanaopinga ni kwamba safari hii mambo yalikuwa tofauti. Wademokrati hawakudai ukuta wala kuua sheria. Walidai ruzuku za bima ya afya zilizoongezwa mwaka 2021 zisikatike mwisho wa 2025, na madai hayo yalipendwa na wananchi. Tarehe 4 Novemba, Abigail Spanberger alishinda ugavana wa Virginia na Mikie Sherrill ule wa New Jersey. Asubuhi yake Trump mwenyewe aliwaambia maseneta wake kwamba kufungwa kwa serikali kulichangia sana kushindwa kwao. Adui alikuwa anayumba, wanasema, nanyi mkamshika mkono asianguke. Hoja hii ina mvuto, lakini inachukua kulaumiwa na kulegea kana kwamba ni kitu kimoja. Ni kweli Warepublikani walilaumiwa. Je, walilegea? Baada ya kukiri kwamba lawama inawaumiza, Trump hakuwaambia maseneta wake wapatane. Aliwahimiza waifute kanuni ya kura 60 ili wasihitaji tena sauti ya upinzani hata kidogo. John Thune, kiongozi wao, alikataa kuifuta, lakini pia alikataa kuzungumzia ruzuku kabla serikali haijafunguliwa, na msimamo huo haukusogea tangu siku ya kwanza hadi ya 40. Lawama ni mavuno ya siku ya uchaguzi. Hayaongezeki kwa kumwacha mama mwenye watoto akisubiri posho ya chakula wiki mbili zaidi. Waliosema tungoje kidogo tu hawakuwa na tarehe ya kutaja wala dalili ya kuonyesha, na wahenga walikwisha kutuambia ngoja ngoja huumiza nini.

Kuna jambo jingine lililosahauliwa katika ghadhabu ya Novemba. Mwezi Machi mwaka huo huo, bajeti ilipofika ukingoni, aliyevunja mstari alikuwa kiongozi wa Wademokrati wa Seneti mwenyewe, Chuck Schumer, pamoja na wenzake tisa. Hoja yake wakati ule ilikuwa kwamba serikali ikifungwa, Trump na watu wake ndio watakaoamua nani ni wa lazima na nani si wa lazima, na watautumia mwanya huo kuwafukuza watumishi wa umma. Alizomewa vibaya sana. Oktoba, safari hii akiwa ameufuata mstari, aliyoyatabiri yakatokea: tarehe 10 Oktoba serikali ilianza kutoa barua za kuwaachisha kazi zaidi ya watumishi 4,000. Mapatano ya Novemba, ambayo sehemu yake ya kuwalinda watumishi ilipiganiwa na Seneta Tim Kaine wa Virginia, yalizifuta barua zile na kuzuia nyingine hadi tarehe 30 Januari 2026, yakathibitisha malipo ya mishahara iliyokwama, na yakaipitisha bajeti ya wizara ya kilimo kwa mwaka mzima, hivi kwamba SNAP haingeweza kushikwa tena mateka kabla ya Septemba 2026. Virginia ina watumishi wengi wa serikali kuu kuliko majimbo mengi. Kaine aliporudi kwao hakwenda na nyimbo, alikwenda na ajira zilizorudishwa. Anayesema hakupata kitu amwambie hivyo yule aliyekuwa ameshika barua ya kufukuzwa mkononi.

Lakini ruzuku, je? Hapo ndipo washtaki wanapoona ushahidi wao umekamilika. Wanane walipewa ahadi ya kupigiwa kura mwezi Desemba, si ahadi ya kushinda. Na tarehe 11 Desemba muswada wa kuziongeza kwa miaka mitatu ulipata kura 51 dhidi ya 48, pungufu ya 60 zilizohitajika, na mwaka ukaisha ruzuku zikakatika. Ukweli huu ni mchungu na sina nia ya kuutia sukari. Lakini hebu tuzihesabu hizo kura 51. Wademokrati wote 47 wa kambi ile walikuwemo, wanane wakiwa ndani yao, na Warepublikani wanne wakaongezeka: Susan Collins, Lisa Murkowski, Dan Sullivan na Josh Hawley. Msaliti ni mtu anayebadili upande. Hawa, mwezi mmoja baada ya kuitwa wasaliti, walisimama palepale walipokuwa wamesimama tangu mwanzo juu ya jambo lenyewe. Walichobadili ni silaha. Walikuwa wamefikia uamuzi kwamba bunduki inayompiga mtu wako mwenyewe haiwezi kuwa njia ya kumtetea mtu huyo. Unaweza kuwaita waoga, au wepesi wa kuamini ahadi. Hayo ni mashtaka yanayoweza kujadiliwa. Usaliti haumo.

Na kuna faida ambayo hesabu za usiku ule hazikuionyesha. Katika muda wote wa kufungwa, Spika Mike Johnson hakuliitisha Baraza la Wawakilishi. Tangu tarehe 19 Septemba hadi 12 Novemba halikupiga kura hata moja. Kwa hiyo upinzani ulijinyima uwanja wenyewe wa kupingia. Baraza lilipoitishwa ili kuupigia kura muswada wa kufungua, uliopita kwa 222 dhidi ya 209, siku hiyo hiyo aliapishwa Adelita Grijalva wa Arizona, aliyekuwa amesubiri wiki saba, na sahihi yake ikawa ya 218 katika ombi la kulazimisha kura juu ya nyaraka za Jeffrey Epstein. Siku sita baadaye muswada wa kuzitoa nyaraka hizo ulipita kwa kura 427 dhidi ya moja, baada ya Warepublikani wanne kuwa wamekaidi uongozi wao na kutia sahihi. Mwezi Desemba, Warepublikani wanne wengine walitia sahihi ombi kama hilo juu ya ruzuku zilezile za bima, na Januari 2026 baraza likaupitisha muswada wa kuziongeza kwa kura 230 dhidi ya 196, wakiwemo Warepublikani 17. Kupita huko hakukuufanya sheria, kwa kuwa Seneti ina mlango wake. Lakini linganisha: siku 40 za kufunga hazikuleta kura ya Mrepublikani hata mmoja kwenye suala la bima, wiki chache za bunge lililo wazi ziliwasogeza 17. Bunge lililofungwa halina waasi. Waliolifungua ndio waliowapa waasi wa upande wa pili mahali pa kuasi.

Sasa tuiangalie shutuma inayotolewa kwa sauti ya chini, ya kwamba wanane hao hawakuwa na cha kupoteza. Ni kweli. Shaheen na Dick Durbin walikuwa wametangaza kustaafu. Wengine sita, Catherine Cortez Masto, John Fetterman, Maggie Hassan, Tim Kaine, Angus King na Jacky Rosen, hawakuwa na uchaguzi kabla ya 2028 au 2030. Tena Durbin alikuwa mnadhimu wa chama, mtu ambaye kazi yake ni kuwapanga wengine mstarini. Wengi wamehitimisha kwamba wanane walichaguliwa kwa siri ili wabebe mzigo wa wenzao. Sina haja ya kuthibitisha wala kukanusha hilo, kwa sababu likiwa uongo shutuma imekufa, na likiwa kweli inawageukia walioitoa. Ikiwa kulikuwa na maseneta waliotaka serikali ifunguliwe lakini wakapiga kura ya hapana kwa kuwa walijua wanane wa kutosha wameshapatikana, basi mstari ulikuwa mchezo wa jukwaani, na waliouvunja ndio pekee waliosema hadharani walichokiamini. Cortez Masto, Fetterman na King, isitoshe, walikuwa wameunga mkono kufungua tangu kura za mwanzo, si baada ya upepo kubadilika. Na kama mtu asiye na uchaguzi karibu ndiye anayepiga kura kwa kutazama njaa ya watu badala ya hasira ya wanachama, swali zito haliwahusu hao wanane. Linauhusu mfumo unaowafanya wengine waogope.

Imebaki hoja ya umoja, ambayo ndiyo mzizi wa zote. Chama kisicho na nidhamu, wanasema, si chama. Ni genge la watu wanaokutana njiani, na adui akishajua kwamba safu yako huvunjika siku ya 40, safari ijayo atakungoja hadi ya 41. Nakubali sehemu ya kwanza. Mstari wa chama ni ahadi kwa mpiga kura, na anayeuvunja kila wiki hastahili kuaminiwa. Laiti wanane hao wangepiga kura dhidi ya ruzuku kwa sababu makampuni ya bima yamewanong'oneza, laiti wangekula kiapo Jumamosi na kukikana Jumapili kwa ajili ya uwaziri, ningekuwa wa kwanza kurudia methali ya kikulacho. Sehemu ya pili siikubali. Somo alilolipata adui si kwamba safu yako ni dhaifu. Ni kwamba unawajali watu ambao yeye alikuwa tayari kuwaacha. Likiwa hilo ni udhaifu, basi ni udhaifu unaokitofautisha chama chenye kutetea posho ya chakula na chama kinachokwenda mahakamani kuizuia. Nidhamu ni mpini, sera ndiyo jembe. Anayeukumbatia mpini baada ya jembe kuchomoka halimi tena.

Na hapa turudi kwenye ile namba 60. Wademokrati wameitetea kanuni hiyo kila walipokuwa wachache, na Novemba ile waliitegemea, kwa kuwa bila hiyo wangekuwa watazamaji. Lakini kanuni ya kura 60 ina maana moja tu katika Seneti yenye Warepublikani 53: hakuna bajeti itakayopita isipokuwa watu kadhaa wa upande wa pili wavuke. Warepublikani wenyewe hawakuwa kitu kimoja usiku ule, kwa kuwa Rand Paul alikataa, wakabaki 52, na ndiyo maana wavukaji walihitajika wanane badala ya saba. Muswada wa kufungua ulikuwa umekwisha kukwama mara 14 kabla ya hapo. Kuitaka kanuni hiyo na kumlaani anayevuka ni kutaka daraja na kumpiga mawe anayepita juu yake. Wanane walipita, wakapigwa mawe, na Jumatano, tarehe 12 Novemba, walipolala Wamarekani, serikali yao ilikuwa wazi kwa mara ya kwanza baada ya siku 43.